Jicho Ulilolifunua Lilikuwa Likikuona

Lobatse, Botswana

Ndugu yangu Musyoka, mwana wa mama,

Nakusalimu kutoka huku kusini. Naomba barua hii ikukute mzima, na mama yetu awe ameamka vizuri, miguu yake isiwe imevimba tena. Je, mvua imeshuka Mwala, au mawingu yanapita tu juu kama wageni wasiotujua? Yule mbuzi mweupe alizaa? Mbaazi za upande wa mto zimetoa maua? Nijibu hayo kwanza kabla ya kukasirika, kwa maana najua ukifika katikati ya barua hii utakasirika.

Mimi naendelea. Kidole gumba cha mkono wa kulia bado kina ganzi, ndiyo sababu herufi zangu zimekuwa kubwa kama za mtoto wa darasa la kwanza. Sauti nayo haijarudi yote. Ule mpira walioniingiza kooni kule hospitali ya Machakos uliikwaruza, na sasa nikifundisha, wanafunzi wa nyuma husogeza viti mbele ili wanisikie. Wamenipa jina la chura kwa lugha yao. Nimelikubali, umri wangu si wa kugombania majina. Chakula nimekizoea. Wanapika mahindi yaliyokobolewa kama muthokoi wetu, ila hawatii mbaazi, na kila Jumapili nikila peke yangu katika nyumba hii ya shule naikumbuka sufuria ya Mbithe.

Nimemtaja Mbithe, basi tuanzie hapo.

Mama ameniambia kwa simu kwamba mke wako yuko kwao Kalama, yeye na mtoto wenu Ndinda, na kwamba huu ni mwezi wa pili. Nilimuuliza sababu. Akasema, "Musyoka anasema alimjibu vibaya mbele ya watu. Siku ile yako."

Siku ile yangu. Ndivyo mnavyoiita. Basi mimi mwenye siku nina haki ya kuisimulia, na nimechagua karatasi kwa sababu kwenye simu ningekwambia jambo moja nawe ungenikatiza kwa kumi.

Wiki ya kwanza niliporudi huku uliniuliza, "Mwalimu, unakumbuka nini ya ile siku?" Nikakujibu, "Sikumbuki kitu baada ya zahanati." Nikakusikia ukishusha pumzi. Nilikudanganya, Musyoka. Nakumbuka yote.

Ilikuwa saa nne asubuhi. Niliinua bati la banda la kuku ili nitoe mayai, na swila akainuka, akapanua shingo, akaniuma kwenye kifundo cha mkono. Ulikuja mbio. Ulinifunga kwa kamba ya mbuzi, ukaweka lile jiwe jeusi la marehemu baba juu ya jeraha, ati linyonye sumu. Nilikwambia, "Fungua kamba, tutafute pikipiki." Ukasema, "Nyamaza, Mwalimu, hapa si darasani." Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu, nami nalibeba. Jiwe lilikaa pale karibu nusu saa likifanya kazi ya jiwe, yaani kukaa.

Tulipofika zahanati kwa bodaboda, wewe ukiwa umenikumbatia kwa nyuma, kope zangu zilikuwa zimeanza kuanguka. Kisha ulimi ukawa mzito, kisha shingo ikashindwa na kichwa. Yule muuguzi, mama wa makamo mwenye sauti kama kengele, aliniambia, "Fungua macho, Mwalimu!" Nami nikayaamuru macho. Hayakufunguka. Ninyi mlidhani sikumsikia. Kuanzia hapo mliniona kama mtu anayeondoka, kumbe nilikuwa nimekaa palepale ndani, mlango umefungwa kwa nje.

Sasa nisikilize kama ulivyonisikiliza zamani pale barazani, ulipokuwa darasa la saba nami nikikueleza somo la mwili. Nataka uelewe kilichotokea, kwa sababu bila kukielewa utaendelea kudhani mke wako alikuasi.

Neva ni seli kama seli nyingine, ila imerefushwa ikawa kama uzi. Ile inayokiamuru kidole gumba changu ina mwili wake ndani ya uti wa mgongo, karibu na shingo, na mkia wake unashuka mkono mzima. Hata ikiwa imetulia, seli hiyo iko kazini. Inasukuma sodiamu nje, ileile iliyomo katika chumvi ya kupikia, na kuingiza potasiamu ndani, hata chaji ya ndani ikawa tofauti na ya nje, na kati yao pana utando mwembamba tu. Ni nguvu iliyowekwa ikingoja. Amri ikija, vilango vidogo kwenye utando hufunguka, sodiamu huingia kwa kishindo, na chaji ya mahali pale hugeuka. Mgeuko huo huamsha vilango vya jirani, navyo huamsha vya mbele yake. Vilivyotangulia hujifunga na kupumzika kidogo, ndiyo maana ishara haigeuki kurudi ilikotoka.

Unaukumbuka mwethya wa bwawa la mchanga, kijiji kizima tumejipanga mstari na majembe? Wa kwanza aliinua jembe, wa pili akamwona akainua lake, hivyo hivyo mpaka mwisho. Hakuna jembe lililosafiri kutoka mtu wa kwanza hadi wa mwisho, lakini kule kuinua kulifika. Umeme wa neva ni hivyo. Na jembe la neva haliinuliwi nusu. Ama limeinuliwa, ama halijainuliwa.

Ila mstari huo haugusi msuli. Mwisho wake pana pengo, dogo kuliko unavyoweza kuwaza, na umeme hauruki pengo hilo. Kwenye ncha ya neva kuna vifuko vilivyojaa kemikali iitwayo asetilikolini. Umeme ukifika, kalsiamu huingia, vifuko hufunguka ukingoni na kumwaga kemikali, nayo huvuka na kuingia katika kufuli zilizo upande wa msuli kama ufunguo unavyoingia. Msuli unakaza. Kisha huja mfagiaji, kimeng'enya, anaikata ile kemikali ili kufuli zibaki wazi kwa amri inayofuata. Yote hayo ni kwa muda mfupi kuliko kupepesa jicho, na kupepesa jicho kwenyewe ni kazi hiyohiyo.

Sumu ya swila haikuziua neva zangu. Ubongo haikuufikia. Ilikwenda kukaa katika zile kufuli, basi, kama ufunguo uliovunjikia ndani. Niliamuru jicho lifunguke. Umeme ulishuka, kemikali ikamwagwa, ikavuka, ikakuta pana mtu amekaa. Nikaamuru kifua kivute hewa. Vivyo hivyo. Nilikuwa nimelala pale nikihesabu misuli inavyoniacha mmoja mmoja, kwa mpangilio uleule niliowaandikia wanafunzi ubaoni miaka mingi. Sijawahi kuchukia kujua kitu kama siku ile.

Lakini njia ya kuingia haikufungwa. Sikio lina kemikali yake na kufuli zake, na sumu ile haizijui. Ngozi nayo hivyo. Nilisikia kuku wa zahanati. Nilisikia inzi akitembea juu ya mdomo wangu. Nilikusikia wewe.

Nilikusikia ukipiga simu: "Mwambie fundi wa majeneza atafute mbao ndefu. Huyu ananizidi na shubiri moja." Hilo sikulichukia sana. Vipimo vilikuwa sahihi.

Gari la wagonjwa halikuwepo, muuguzi akasimamisha pikapu ya mfanyabiashara wa nyanya. Nililazwa nyuma, juu ya magunia matupu. Mbithe alikuwa amefika, nilimjua kwa pumzi yake, alikuwa amekimbia. Muuguzi akasema, "Mimi lazima nishike hii barakoa kwa mikono miwili hewa isitoroke. Nataka mtu wa kukamua huu mfuko wa hewa. Unahesabu mpaka tano, unakamua. Tano, unakamua. Usiharakishe, usiache."

Wewe ukasema, "Mikono yangu inatetemeka."

Mbithe akasema, "Leta."

Nikasikia akianza kwa Kikamba, imwe, ili, itatu, inya, itano, na hewa ikaingia kifuani mwangu. Musyoka, sijui nikuelezeje hewa ile. Ilikuja kabla sijaanza kuiomba, na kila mara niliposhuka kuelekea giza, ile itano ilinikuta njiani.

Barabara unaijua ilivyo kabla ya kufika lami. Tulikuwa tumeruka mashimo kadhaa uliposema, "Mama Ndinda, wacha sasa. Unapuliza maiti."

"Ako na joto. Mguse."

"Hata jiwe liko na joto saa hii. Wacha, nimesema."

"Sista amesema nisiache."

"Mume wako ni mimi ama ni sista?"

"Leo mume wangu ni huu mfuko. Itatu, inya, itano."

Dereva alicheka kupitia dirisha la nyuma. Huyo ndiye "watu" unaosema ulijibiwa mbele yao: dereva mmoja wa nyanya, na muuguzi aliyekuwa na kazi zake. Na mimi, lakini mimi hukunihesabu.

Au ulinihesabu? Hapo ndipo ninapokwama.

Ulipiga magoti juu ya magunia. Ulilifunua jicho langu la kushoto kwa kidole chako, ukatazama. Ulidhani unatazama jicho la maiti. Musyoka, jicho ulilolifunua lilikuwa likikuona. Halikuweza kugeuka, lakini nuru iliingia, na neva za macho zilifanya kazi yake bila hitilafu. Nilikuona ulivyo. Ulikuwa na kipande cha jani kwenye ndevu. Hukuwa unalia, ingawa Mama anasema umesimulia kwamba ulilia njia nzima. Kisha uliiacha kope ishuke, ukaleta mdomo wako sikioni mwangu, Mbithe asisikie, na ukasema:

"Enda tu, Mwalimu. Umetusomesha vya kutosha. Wacha na sisi tukae bila kuulizwa."

Nimeyageuza maneno hayo kila upande tangu nirudi huku. Yale mengine nimeyasamehe kwa sababu ya kutojua. Mtu hapumui, hatikisiki, macho yamekauka, nawe hujasoma habari za kufuli wala pengo. Ukasema wacha. Mtu mwingine naye angesema. Fundi wa majeneza, mbao, hayo yote naweza kuyafundishia somo na kulifunga. Lakini maneno ya sikioni hayafungiki. Kama uliamini nimekufa, ulikuwa unamwambia nani? Watu hawamnong'onezi maiti asije akasikia mtu mwingine. Na kama uliamini kwamba bado nasikia, basi ulijua pale juu ya magunia palikuwa na mtu, ukamwambia mtu wa pekee aliyekuwa akimpa hewa aache.

Sitaki unijibu haraka. Wala sitakudanganya kwamba maneno hayo hayana ukweli ndani yake. Miaka yote hii nikiwa mbali nimewauliza. Matuta yamechimbwa? Mbuzi wameogeshwa? Mama amepelekwa kliniki? Kwa nini mahindi yalipandwa yakiwa yamechelewa? Nilidhani nikiuliza ni sawa na kuwepo. Wewe ndiye uliyebaki, ukamzika baba mimi nikiwa njiani, ukachimba matuta na kisha ukatoa hesabu ya matuta. Ningekuwa wewe ningechoka. Lakini kuchoka na mtu, Musyoka, na kumwambia aende huku mkono wa mwingine unamrudisha! Huo uchungu ninao, na sukari yote ya nchi hii haijauondoa mdomoni.

Mwingine naye alinisemesha siku ile. Sauti yake haikuwa ya chini, kila mtu alimsikia. Tulipofika lami, muuguzi akasema mapigo yangu bado yapo, Mbithe akasema kwa nguvu, "Mwalimu, mimi nahesabu, wewe ngoja." Huyo pia hakujua kama nasikia. Hakusoma biolojia, alitoka shule darasa la sita, na unakumbuka mimi mwenyewe nilivyopinga usimwoe. Nilisema mbele ya baba kwamba atakurudisha nyuma. Nilisema, "Mtu wa darasa la sita utazungumza naye nini?" Leo najua mnachoweza kuzungumza. Mnaweza kuzungumza imwe, ili, itatu.

Na sasa lile la muhimu, uliweke kichwani. Sumu ile haikuwa na tiba kubwa kuliko muda. Pale Machakos walinipa dawa yake, wakaniunganisha na mashine, nayo ilisaidia. Lakini kazi ya mashine ilikuwa ileile ya mkono wa Mbithe, kunivutia hewa huku sumu ikiachia kufuli moja baada ya nyingine. Neva zilikuwa nzima. Zilikuwa zinaita muda wote. Sikuwa na ugonjwa mwingine wowote ila kungoja. Kama angekutii pale kwenye mashimo, ningekufa nikiwa na moyo mzima, ubongo mzima na masikio mazima, nikikusikia ukiniambia niende. Kwa hiyo ukisema alikujibu vibaya, sema yote. Sema, "Alinijibu vibaya, na jibu lake ndilo hili linaloandika barua."

Siku ya pili kule wodini nilisikia sauti yake tena: "Mwalimu, kama unanisikia, sogeza kitu chochote." Nikatuma amri kwenye kidole cha mguu. Umeme ukashuka, kemikali ikavuka, na safari hii ikakuta kufuli chache ziko tupu. Kidole kikatikisika. Alipiga kelele mpaka akafukuzwa wodini. Wewe hukuwepo. Uliniambia baadaye kwamba ulikuwa umekwenda kuwaarifu watu wa ukoo. Najua uliwaarifu nini.

Mama hajui lolote kati ya haya, na kwa mdomo wangu hatajua. Barua nimempa mwalimu mwenzangu wa Kithimani anayekuja likizo, akutie mkononi. Unaweza kuichoma. Lakini uliloambiwa huwezi kulirudisha lisijulikane, mimi ndiye shahidi wa hilo.

Sasa habari ya Kalama. Desturi yetu unaijua. Mke akirudi kwao kwa kosa la mume, mume huenda kumchukua akiwa na mzee wa nyumba yake na mbuzi, na hukaa pale mpaka aulizwe alichokosea, naye hukisema kwa mdomo wake. Baba hayupo, mzee wa nyumba yetu ni mimi. Shule ikifungwa nitasafiri. Sitakuja Mwala kwanza. Nitashuka Machakos mjini na kwenda moja kwa moja Kalama, kwa wazee wa Mbithe, nami nitapeleka mbuzi wangu kwa sababu nina shukrani zangu na kosa langu la zamani la kusema. Mbuzi wako tafuta katika zizi lako. Nitakukuta huko, au nitakukuta umekaa nyumbani. Vyovyote nitakavyokukuta, nitakuwa nimejibiwa swali langu la nani uliyekuwa ukimnong'oneza.

Kama ulikuwa unasema na maiti, basi yaishie hapo. Kama ulikuwa unasema nami, hili ndilo jibu ambalo ulimi wangu haukuweza kukupa siku ile: nilikusikia, na sikuenda.

Msalimie Mama, umwambie chura wa Botswana anakohoa kidogo lakini anakula. Msalimie yule muuguzi wa zahanati, na fundi wa majeneza, umwambie zile mbao azitengenezee kabati. Nisalimie majirani wote wa ng'ambo ya mto. Mjomba wetu, kaka yake Mama, mwambie jiwe jeusi alilompa baba nimelitupa mtoni, nitamweleza mwenyewe kwa nini.

Mbithe usimsalimie kwa niaba yangu. Salamu zangu kwake nitazipeleka mwenyewe. Wewe mpelekee za kwako.

Ni mimi kaka yako, ninayepumua,

Mutiso